Umri wa Nyota za Mwalimu Odur

Mengo, Kampala
14 Novemba 2005

Kwa Baba mpendwa, Mwalimu Wangila,

Mulembe kwako Baba, na kwa Mama, na kwa wote waliomo nyumbani mwako. Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani, miwani usoni, na goti lile limekupa nafasi ya kupumua. Mimi sijambo. Senge Nabangala naye hajambo, ila analalamikia vumbi la soko la Nakivubo, maana viatu anavyovipanga kuuza vikiwa vyeusi asubuhi, kufika adhuhuri vimekuwa vyekundu vyote. Anakusalimu sana, na amenituma nikukumbushe kwamba yeye ndiye dada yako mkubwa hata kama siku hizi umemsahau. Je, mahindi mmemaliza kuvuna? Na yule ndama aliyekataa kunyonya, alipona? Mama aliniambia habari zake kwa simu, laini ikakatika kabla sijajua mwisho wake.

Ningeweza kukupigia wewe pia, lakini haya ninayotaka kukueleza hayatoshi kwenye simu. Tena wewe, Baba, ukishika simu unapaza sauti kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, na majirani wote wangejua mambo yangu kabla yako.

Pasaka iliyopita, tulipokuwa tumeketi na wazee wa kanisa, uliniuliza swali mbele yao. Ulitaka kujua hao wanaosema nyota fulani ina miaka kadhaa wamejuaje, na nani alikuwepo ilipozaliwa. Nilikujibu kwa maneno ya vitabuni mpaka wazee wawili wakasinzia. Niliona uso wako. Hukukasirika, ila ulinitazama kama unavyomtazama mwanafunzi aliyekariri jibu bila kulielewa. Nimelibeba swali hilo tangu siku ile, na sasa nadhani naweza kulijibu.

Nyota ni moto, lakini si moto wa kuni. Ndani yake kabisa, viini vya hidrojeni vinabanwa na joto mpaka vinaungana na kuwa heliamu, na kila vinapoungana hutoa nguvu kidogo, ambayo ndiyo nuru tunayoiona. Sasa, ukiniuliza jiko la Mama litawaka mpaka saa ngapi, nitataka kujua kuna makaa kiasi gani, na yanateketea kwa kasi gani. Makaa ya nyota tunayakadiria kutokana na uzito wake. Kasi ndiyo yenye taabu.

Nyota ndogo, zenye uzito kama wa jua letu au pungufu kidogo, huishi maisha marefu mno zikiunganisha hidrojeni kwa hidrojeni. Zinapokaribia uzee, hidrojeni ya katikati inapungua, joto linapanda, na njia ya pili inashika kazi. Njia hiyo inapitia kaboni, naitrojeni na oksijeni, ambazo zenyewe haziishi. Zinapokezana tu, kama majirani wanaopitishiana ndoo. Katika kupokezana huko kuna hatua moja nzito kuliko zote, pale naitrojeni inapotakiwa kupokea protoni, yaani kiini cha hidrojeni. Hapo mambo yote hukawia. Umewaona watu wakitoka kanisani kwetu kwa ule mlango mmoja. Hata walio ndani wawe na haraka namna gani, mlango ndio unaoamua. Kwa nyota inayozeeka, naitrojeni ndiyo mlango, na ukikosea upana wake umekosea umri wa nyota.

Nilipofika hapo, Baba, nilijikuta nataka kujua ni nani aliyeupima huo mlango. Yote yaliyofuata yametokana na kutaka kujua huko.

Msimamizi wangu unamjua kwa jina, Daktari Odur. Ni mtu wa Lira, lakini alilelewa Jinja katika nyumba za polisi, kwa hiyo Kiswahili chake ni kile cha kambini, kikavu na kifupi, na hukitumia nami kila tukiwa wawili. Alisomea Uingereza miaka ya vita vya hapa Uganda, kisha akarudi mwaka mmoja tu baada ya vita kwisha, wakati idara yetu haikuwa na vioo madirishani na wenzake wengi walikuwa wakitafuta njia ya kuondoka. Watu walimuuliza nchi iliyovunjika ina haja gani na nyota. Aliniambia kwamba alikuwa na hesabu zake kwenye makaratasi yaliyojaa masanduku mawili, na alitaka mtu wa kumfundisha.

Hesabu hizo zilihusu kundi moja la nyota kongwe, maelfu kwa maelfu, zilizozaliwa pamoja. Kundi kama hilo ni zawadi kwa mtu anayetafuta umri, kwa sababu zilizo nzito huzeeka mapema na zilizo nyepesi huchelewa. Ukiona ni zipi zinazoanza kuvimba na kuwa nyekundu sasa, umejua zote zimeishi kwa muda gani. Mwalimu Odur alipata miaka bilioni kumi na mbili. Kwa karibu miaka ishirini amekuwa akiandika namba hiyo ubaoni kila mwanzo wa muhula, na wanafunzi walimpa jina, Mzee Kumi na Mbili. Analijua jina hilo. Nadhani alilipenda.

Tasnifu yangu niliijenga juu ya programu yake ya kompyuta na majedwali yake ya kasi za viini. Kama nilivyowaambia, niliikabidhi mwezi wa saba na watahini wakaipitisha mwezi wa tisa. Katikati hapo sikuwa na kazi ila kusubiri. Basi mwezi wa nane mwenzangu Jean-Pierre, kijana wa Bukavu tuliyesoma naye, akarudi kutoka semina ya wiki tatu huko Italia. Wenzake walileta viatu na manukato, yeye akaleta diski. Ndani yake mlikuwa na vipimo vipya vya ile hatua ya naitrojeni, vilivyotangazwa mwaka jana tu.

Sikiliza jinsi walivyovipima, Baba, maana najua utalifurahia jambo hili. Ndani ya nyota kama jua, naitrojeni na protoni huungana kwa nadra sana. Ukijaribu kuliona tukio hilo maabara, mionzi inayotunyeshea kutoka angani kila sekunde inalifunika kabisa, kama mtu anayenong'ona sokoni. Kwa hiyo watu wa zamani walipima kwenye nguvu za juu, ambako muungano hutokea mara nyingi, kisha wakakisia chini kungekuwaje. Ni kama kumtazama mtu akikimbia, halafu useme unajua anavyotembea. Hawa wapya walipeleka mitambo yao chini ya mlima mzima, mwamba ukazuia mionzi, na huko wakaweza kukaribia zaidi mwendo halisi wa nyota. Ilibidi waingie chini ya mlima ili wajue habari za angani. Walikuta kwamba kasi ni kama nusu ya ile tuliyoizoea.

Sikuwa na nia yoyote ila udadisi. Nilitaka tu kuona mchoro utasogea kiasi gani. Tatizo lilikuwa umeme. Ziwa limepungua na mgao ni mkali. Chuoni tunapata siku moja, tunakosa inayofuata, na nyota moja inahitaji kompyuta iwake saa nyingi mfululizo. Jean-Pierre akanipeleka Old Kampala kwa rafiki yake Yasiin, Mnubi ambaye babu zake waliletwa na jeshi la Waingereza na hawakuondoka tena. Yasiin anachapisha kadi za harusi na ana jenereta yake. Alinipa mashine ya pembeni. Mama yake, Mama Kaltumi, alituletea chai ya tangawizi na kuniuliza kama nyota hizo zina habari yoyote ya mvua. Nilimwambia hazina. Alisikitika kidogo, akanimiminia nyingine. Siku ya tatu Yasiin mwenyewe akaja nyuma yangu, akatazama namba zikipita, akasema, "Dada, mimi hapana jua hii kazi yako, lakini nyota hii nakula mafuta kama lori."

Nikaweka michoro miwili pamoja, wa kasi ya zamani na wa kasi mpya. Ilifuatana kwa muda mrefu sana, mstari juu ya mstari. Halafu pale nyota inapoanza kuzeeka, ikaachana. Ile ya kasi mpya ilishikilia ujana wake zaidi na ikageuka ikiwa inang'aa zaidi. Nilidhani nimekosea kuingiza namba. Nikafuta, nikaingiza upya, nikarudia. Kisha nikalipima kundi la Mwalimu Odur kwa mchoro mpya, na jibu halikuwa kumi na mbili. Lilikuwa karibu kumi na tatu.

Miaka bilioni moja si kitu kidogo, hata angani. Wanaoupima ulimwengu wenyewe wanasema una umri wa bilioni kumi na tatu na sehemu kubwa ya nyingine. Nyota zikizeeka zaidi ya hapo tutakuwa na mtoto aliyemzidi mama yake umri, na itabidi mmoja wetu aseme amekosea wapi. Hatujafika huko, ila tumesogea karibu.

Kisha nikakumbuka kwamba Mwalimu Odur alikuwa anastaafu. Idara ilikuwa imemwandalia mhadhara wa kumuaga mwezi wa kumi, na mada aliyoichagua ilikuwa umri wa nyota zake.

Niliomba ushauri. Jean-Pierre alisema nisubiri mzee apumzike kwanza, halafu nitoe jambo lenyewe polepole bila kumtaja. Senge alisema mzee hasahihishwi, huulizwa swali mpaka ajisahihishe mwenyewe, nami niende kwake nikaulize. Yasiin alisema kama ni yeye aliyekosea jina la bwana harusi kwenye kadi, angependa kuambiwa kabla haijasambazwa. Nikaenda.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mkewe, Mama Santina, alikuwa amepika mboga za boo kwa simsim na viazi vitamu, na hawakuniruhusu kusema lolote kabla sijanawa mikono. Nilianza kwa swali, kama Senge alivyonifunza, lakini Mwalimu Odur si mtu wa kuzungushwa. Akaniambia niseme nililokuja nalo. Nikasema. Akaacha kula. Aliniuliza kama nilibadilisha kitu kimoja tu au zaidi ya kimoja. Nikamwambia kimoja. Akaniuliza kama nilirudia, nikamwambia nimerudia. Akasema, "Shahidi mmoja hatoshi. Hata polisi hawamfungi mtu kwa shahidi mmoja." Akainuka, akaingia ndani, na hakutoka tena. Mama Santina alinisindikiza mpaka barabarani, amenishika mkono njia nzima.

Baba, nilirudi Mengo nikiwa na hofu kwamba nimemuumiza mtu aliyenifundisha kila ninachojua. Lakini pia alikuwa na haki. Kipimo kimoja kinaweza kukosea. Kwa hiyo badala ya kulia nilikwenda kumtafuta shahidi wa pili, na nilimpata kwenye mashine ile ile ya Yasiin. Maabara nyingine, huko Marekani, yenye mitambo mingine na watu wengine, ilikuwa imetangaza matokeo yake mwaka huu huu. Nao walipata karibu nusu.

Jumatatu nilipoingia ofisini kwake nikiwa na karatasi hizo, nilimkuta ameyatoa masanduku yake mawili kabatini na sakafu yote imefunikwa. Alikuwa amepiga magoti, mtu wa umri ule, anatafuta mahali jedwali lake la zamani lilikotoka. Hakuziangalia kwanza karatasi zangu. Alinionyesha mstari mmoja kwa kidole, ambapo waliopima zamani walikuwa wameandika wazi kwamba kwenye nguvu za chini wamekadiria tu. Akaniambia, "Nilikuwa najua kwamba walikisia. Nilisahau kwamba najua." Kisha akanyoosha mkono, akachukua karatasi zangu, akazisoma zote akiwa bado amepiga magoti. Alipomaliza alitaka nimwonyeshe michoro, na akaniuliza maswali mpaka mchana ukapita. Yalikuwa maswali ya mtu mwenye njaa. Je, nyota zenye madini machache nazo zinasogea vile vile? Je, majitu mekundu, zile zilizokwisha kuvimba? Nilikuwa sijui hata nusu ya majibu, naye alizidi kuchangamka kila niliposema sijui.

Mhadhara ulijaa watu mpaka kwenye ngazi. Akaandika kumi na mbili ubaoni, kama desturi yake, na wanafunzi wa zamani wakapiga makofi. Akasubiri yatulie. Halafu akaikata kwa mstari, akaandika karibu kumi na tatu, na akaeleza kwa nini, hatua kwa hatua, akitaja jina langu na la Jean-Pierre, na hata kuishukuru jenereta ya Old Kampala. Mhadhiri mmoja kijana akasimama, akauliza kwa heshima kama basi kazi ya miaka ishirini imepotea. Mwalimu Odur akamjibu kwamba programu ni ile ile, nyota ni zile zile, na hazijazeeka tangu juma lililopita. Ni sisi tuliochelewa kujua. Sauti yake ilikuwa imara. Lakini mimi nilikuwa nimekaa mbele, na niliona macho yake yakirudi kila mara kwenye ile kumi na mbili iliyokatwa. Mama Santina aliliona hilo pia. Mhadhara ulipokwisha alikwenda kusimama kando yake na hakuondoka mpaka mtu wa mwisho alipoaga.

Sasa Baba, nimefika kwenye jambo ambalo limenifanya niandike barua badala ya kupiga simu.

Sura ya nne ya tasnifu yangu, ambayo ndiyo moyo wake, imesimama juu ya kasi ya zamani. Mwalimu Odur aliniambia mwenyewe kwamba imepitishwa kihalali, nilitumia kilichokuwepo, na hakuna mtu duniani atakayenilaumu. Nivae joho langu Januari, marekebisho yatakuja baadaye. Kila mtu aliniambia hivyo. Nilikaa nalo wiki nzima. Halafu nilikwenda kwenye ofisi ya wahitimu nikaomba nirudishiwe kazi yangu. Mama wa pale alidhani nimefeli. Alinishika bega, akaniambia, "Pole sana nnyabo, utajalibu tena." Nikamshukuru tu.

Kwa hiyo, Baba, sitahitimu Januari. Jina langu limeondolewa.

Najua ninachokufanyia. Najua umekwisha kuwatangazia kanisani, na kwamba kwaya inajifunza wimbo, na Mama ameshona gauni la kitenge cha zambarau. Najua shule ya wasichana imekuahidi nafasi yangu ya kufundisha, nawe umewapa neno lako. Nisingependa ufikiri kwamba nilifanya hivi kwa sababu mimi ni mwema kuliko wengine. Ukweli ni kwamba nataka kujua. Kama ningevaa joho, ningerudi nyumbani kufundisha, na yale maswali yote ya siku ile ofisini yangebaki sakafuni. Nilipojaribu kuwaza hivyo, nilihisi kama mtu anayeitwa mezani akiwa katikati ya hadithi. Nilichagua hadithi, na sikukuuliza kwanza. Hilo la kutokuuliza ndilo linaloniuma.

Senge alininunia siku mbili. Siku ya tatu akaniambia nikuandikie mwenyewe, maana mzigo huu yeye hataubeba mpaka nyumbani Kimilili. Nakuomba uwaambie mapema watu wa basi lililokuwa lije kwenye mahafali yangu, kabla hawajajipanga. Ukiwa na hasira, niandikie ukiwa nayo, usisubiri ipoe, nitaisoma yote. Lakini kama unaweza, nipe mwaka mmoja na baraka zako.

Mwalimu Odur amestaafu kwa karatasi tu. Kila asubuhi yenye umeme yupo kwenye kiti kando yangu, anasubiri mstari utokee. Wiki hii tumeanza na nyota nyepesi kabisa, nusu ya uzito wa jua. Hizo zinateketea polepole kiasi kwamba tangu ulimwengu uanze haijazeeka hata moja. Zote zilizowahi kuzaliwa bado zipo, Baba, na hakuna aliyewahi kuona zinavyokwisha. Jana mstari wetu ulipita umri wa ulimwengu ukaendelea mbele, mahali ambapo hakuna nyota yoyote ya aina hiyo iliyofika bado. Tuliutazama tu, sote wawili, mpaka umeme ulipokatika.

Msalimie Mama, umwambie gauni lake alifunike vizuri lisipauke. Wasalimie wadogo zangu na jirani zetu wote. Mungu akulinde wewe na goti lako.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Nakhisa